Kazi kwa malazi: safari ya feza kidogo ku kisiwa cha Idjwi



Kila mwaka, wakati likizo kubwa inakaribia, tunasikia maneno yale yale mu enternati: "Mimi nitabaki nyumbani paka kulala. Kusafiri ni mambo ya wenye feza." Katika ukurasa huu tunataka kuonyesha kama neno hilo si la kweli kabisa. Kuna namna ya kusafiri ambayo inaomba feza kidogo: mgeni anafanya kazi, mwenyeji anampa pahali pa kulala. Lakini tunataka kueleza vilevile namna gani safari ya hivi inaweza kugeuka mzigo juu ya mabega ya watu wengine, bila wewe mwenyewe kujua. Sisi tulifanya kosa lile ku Idjwi, mwezi wa saba 2024. Hatuoni haya kuliandika, kwa maana kosa lililofichwa halifundishi mtu.

I. KAZI INALIPA CHUMBA NAMNA GANI?

Wazee wa Kiswahili walisema zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wanazani methali hii ni ya watu wachoyo. Hapana. Maana yake ni hii: siku mbili za kwanza mgeni anapumzika, anakula, anatoa habari za kwao. Siku ya tatu anakuwa mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba anashika jembe kama wengine. Jembe lile si malipizi, ni heshima. Anayelikataa anataka kubaki mgeni siku zote, na mgeni wa siku zote anachokesha.

Jambo hili ni la zamani sana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunasoma kama Paulo alipofika Korinto alikaa kwa Akila na Prisila, akafanya kazi pamoja nao, sababu wote walikuwa na ufundi mmoja wa kushona hema.

Mu inchi za Ulaya jambo hili lilipata utaratibu mwaka 1971. Mwanamke mmoja, Sue Coppard, aliyekuwa sekretere mu London, alitamani kutoka mu mji siku za mwisho wa juma, lakini hakuwa na pahali pa kufikia. Akapatana na shamba moja la Sussex: watu wane wa kwanza walikwenda kule kulima, wakapewa chakula na pahali pa kulala. Kutoka pale chama kinachoitwa WWOOF kilizaliwa, na leo kiko mu inchi nyingi za dunia. Mara nyingi mgeni anafanya kazi saa ine mpaka sita kwa siku. Mwenye shamba anatoa kitanda na chakula. Feza hazipite mkono kwa mkono. Vijana wengi wanatembea hivi mu visiwa vya joto, kwa mfano Hawaii, ambako wanachuma kahawa na kupalilia bustani.

Sasa tuliuliza: kama kijana wa London anaweza kulala bure Hawaii kwa sababu ya jembe, sisi watoto wa Kivu, ambao jembe tunalijua tangu utoto, tunashindwa nini kwenda ku kisiwa chetu wenyewe?

II. KISIWA CHENYEWE

Idjwi ni kisiwa kikubwa mu katikati ya ziwa Kivu. Mu maziwa yote ya Afrika, kinachokipita kwa ukubwa ni Ukerewe, kule ziwa Victoria. Ni teritware ya Kivu ya Kusini, na makao yake makubwa ni Bugarula. Kisiwa kimegawanywa mu shefri mbili: Rubenga upande wa kaskazini, na Ntambuka upande wa kusini. Wenyeji wengi ni Bahavu, na kuna pia Bambuti, ambao zamani walikuwa watu wa pori, na leo wengi wao hawana shamba.

Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1460, ndiyo maana usiku kunakuwa na baridi ingawa tuko karibu na mstari wa ikweta. Halina mamba. Lakini ni refu sana kwenda chini, karibu mita 480, na mule chini kuna gazi nyingi. Kwa hiyo mtu asidanganyike na maji ya kimya.

Ku Idjwi utaona nanasi, migomba, muhogo, maharagi na kahawa. Utaona wavuvi wa sambaza wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, taa zinawaka, wanaimba wakipiga kasia. Wengi wetu tulizani sambaza ni samaki wa ziwa hili tangu Mungu alipoliumba. Kumbe walitolewa ku ziwa Tanganyika, wakatiwa mu Kivu karibu na mwisho wa utawala wa Wabeleji.

Kahawa ya Idjwi ni nzuri, lakini iko na hadisi ya uchungu. Wakati bei ya huku ilikuwa mbaya, wanaume wengi walivusha kahawa usiku na mitumbwi kwenda Rwanda, juu ya kutafuta bei ya maana. Wengi walikufa maji. Ndiyo sababu ku kisiwa utakutana na wajane wengi. Mama aliyetupokea alikuwa mmoja wao.

III. FEZA TULIZIPANGA NAMNA GANI

Tulikuwa watu sita: wavulana watatu, wasichana wawili, pamoja na mwalimu wetu wa jeografia. Tulipanga kukaa siku 12. Feza tulizigawa mafungu matatu, na mpango huu tunausifu mpaka leo.

Fungu la kwanza ni feza ya njia, kwenda na kurudi. Ile ya kurudi ilitolewa siku ya kwanza, ikafungwa mu bahasha, ikawekwa kwa mwalimu. Hakuna mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Mtu asiyekuwa na feza ya kurudi si msafiri, ni mateka.

Fungu la pili ni feza ya tumbo. Tulichanga, kiisha tukanunua mbele ya kuondoka: kilo 10 za unga, chumvi, sabuni, mafuta kidogo.

Fungu la tatu tuliliita feza ya taabu: ugonjwa, mvua, boti kukosa kuondoka. Kama taabu haikuja, tulipatana kununua nanasi za kuletea wazazi.

Mu mizigo: blanketi moja kwa kila mtu, musikitere, sahani na kijiko, panga mbili, jembe mbili, dawa ya malaria. Pande za Kivu kolera inarudi mara kwa mara, basi tulipatana kutokunywa maji yasiyochemshwa, hata kama kiu ni kali. Tulikuwa na karte za wanafunzi, na barua mbili: moja ya prefe wa masomo, ingine ya pasta, ya kutujulisha kwa kanisa la kule. Tulipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kwenda kumusalimia shefu wa kijiji na kumuonyesha barua zile. Usilale hata usiku mmoja mbele ya shefu kujua jina lako.

Juu ya boti tuseme wazi. Boti ya mbao ni ya bei nafuu kuliko ile ya mwendo mkali, inakawia, na inabeba kila kitu: watu, mbuzi, mifuko ya simenti, bidoni za mafuta. Boti ya kwanza tuliiona imejaa mpaka maji karibu yaguse ukingo. Mwalimu akasema: "Watoto, hii hatupandi." Tulinung'unika, tukangoja masaa matatu ku jua. Mwezi wa ine 2019 boti ilizama mu ziwa hili na watu wengi sana wakapotea. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, miezi mitatu tu nyuma ya safari yetu, boti ingine iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Siku ile tulikumbuka masaa yetu matatu ya jua, na hakuna aliyenung'unika tena.

IV. KOSA LETU

Mama mjane alitupokea vizuri sana. Wasichana walilala chumba kimoja na binti zake, sisi wavulana na mwalimu tulilala mu nyumba ya jiko, ku mikeka. Mama alisema: "Karibuni, watoto wangu, hapa ni kwenu." Sisi tukasema: "Mama, tutakusaidia kazi." Akajibu: "Aksanti." Basi, mapatano yalikuwa ni hayo tu! Saa ngapi? Kazi gani? Nani atatoa chakula unga wetu ukiisha? Hatukuuliza. Tulizani kuuliza ni kukosa heshima.

Mama alitaka kujenga chumba cha pili, tena kiangazi ni wakati wa kupiga matofali. Tukavua viatu, tukaingia mu udongo tukiimba. Siku ya kwanza tulipiga matofali 90. Tulijisifu sana. Kesho yake tulikuta zaidi ya nusu yamepasuka, kwa maana tulitia maji mengi na hatukuyafunika majani.

Siku ya ine asubuhi, kijana mmoja wa kijiji alifika. Tulikuwa tumemuona mbele, anapita ku njia, anasimama, anatutazama, anakwenda. Siku ile alikaribia. Alimusalimia mwalimu kwa mikono miwili, kiisha akasema na sauti ya upole:

"Bandugu, sina kasirani na ninyi. Lakini kila mwaka, kiangazi kikifika, ni miye ndiye napigaka matofali ya mama na ya majirani. Ile feza ndiyo nalipaka minervali ya mtoto wangu. Sasa ninyi mumekuja kupiga bure. Miye nitafanya nini? Shamba sina."

Hakuna aliyejibu. Yeye hakungoja jibu, aliaga na kwenda. Matope yalikauka ku mikono yetu.

Siku ya tano ikaja fundisho la pili. Unga wetu ulikuwa umeisha, lakini bugali iliendelea kuja mezani, moto, pamoja na sombe na maharagi. Tulimushukuru Mama kila jioni. Basi mtoto wake wa mwisho, wa miaka kama saba, akacheza na mmoja wa wasichana wetu, akamwambia: "Yaya, kesho mama atanituma tena ku duka kuomba unga wa deni. Mwenye duka amesema hii ni mara ya mwisho."

Usiku ule hatukulala vizuri.

V. HESABU YA KWELI

Asubuhi mwalimu alitukalisha chini na daftari. Alisema: "Muko watu wa hesabu. Muhesabu." Tukahesabu hivi.

Kila mmoja wetu anakula karibu nusu kilo ya unga kwa siku. Watu sita ni kilo 3. Siku 12 ni kilo 36. Tulileta kilo 10. Basi kilo 26 zilipashwa kutoka wapi? Kutoka kwa mjane mwenye watoto wane. Tusihesabu maharagi, makala, chumvi, na maji ambayo binti zake walipanda nayo kilima kutoka ku ziwa, sababu watu sita wanaoga.

Na kazi yetu je? Siku ine, matofali karibu 300, na mazima hayakufika 150. Tukauliza mzee mmoja wa kanisa: kijana yule anaweza kupiga mangapi? Akacheka. "Yeye na mdogo wake? Yanapita 300 kwa siku moja, na hayapasuke."

Kiisha tukaenda kwa Mama, pamoja na mzee yule. Tulimuomba atuambie ukweli. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema: "Watoto wangu, nilikuwa nimeweka feza kidogo ya kumulipa kijana wa matofali. Mulipofika, nilisema Mungu amenisaidia, nitaweka feza ile. Lakini wageni hawalali na njaa kwangu. Imeisha mu chakula."

Tazameni namna mambo yalivyozunguka. Feza ya mshahara wa kijana iliingia mu matumbo yetu. Kijana akakosa kazi, Mama akakosa matofali na akapata deni, na sisi tulizani tunasaidia. Hakuna aliyetaka mabaya. Mama alinyamaza kwa ajili ya heshima, na sisi tulinyamaza kwa ajili ya heshima. Heshima mbili bila neno moja zilizaa hasara tatu.

Tulifanya hivi. Tulifungua fungu la tatu, feza ya taabu, tukalipa deni la duka, na kwa ile iliyobaki tukanunua unga na maharagi yetu. Mama alikataa, mzee akamuomba apokee. Wasichana na wavulana tukapika kwa zamu. Tuliacha matofali, na kwa feza ambayo ingekwenda tena ku duka, Mama akamuita kijana. Juu ya kulala, tulipatana naye wazi: asubuhi mbele ya jua kali, tunapandisha maji yote ya nyumba, tunatafuta kuni, tunamenya muhogo. Masaa mawili, hapana zaidi. Kazi hii hakuna mtu aliyekuwa analipwa kuifanya, ni binti za Mama waliichoka kila siku.

Nyuma ya pale tulitafuta kazi ambayo haipokonye mtu mshahara. Pamoja na kijiji tulisafisha chemchemi iliyojaa matope, kama salongo. Tulipigilia misumari viti vya kanisa vilivyovunjika. Kila mchana tulifundisha hesabu na Kifaransa watoto waliokuwa wanangoja kuingia mwaka wa sita wa shule ya msingi. Siku ya kwanza walikuja 9, siku ya mwisho walikuwa 41, na mmoja wao alikuwa mtoto wa kijana wa matofali. Baba yake alituletea nanasi mbili. Hakusema neno, alicheka tu, na sisi tukacheka.

Nanasi za kuletea wazazi hatukununua. Tulirudi na hizo mbili, tukazigawa vipande sita.

VI. WAKATI CHUMBA KINAGEUKA MINYORORO

Tuliporudi, mwalimu wa historia alisikia habari yetu, akatupa mfano wa kinyume, kutoka Hawaii ile ile tuliyotaja. Kwetu sisi mwenyeji ndiye aliyeumia. Lakini mara nyingi mwenye kuumia ni mfanyakazi.

Mwaka 1850 ufalme wa Hawaii uliweka sheria juu ya mabwana na watumishi. Mwaka 1852 Wachina wa kwanza wa mapatano waliletwa kulima mashamba ya miwa. Walipewa chakula, pahali pa kulala, na dola 3 kwa mwezi, kwa miaka 5. Nyuma wakaja Wajaponi, Wareno na wengine. Kwa maneno matupu hii nayo ilikuwa kazi kwa malazi. Lakini mtu aliyeacha kazi mbele ya muda wake aliweza kukamatwa na kurudishwa kwa nguvu, au kutiwa gerezani. Nyumba ilikuwa ya bwana, na mlango pia ulikuwa wa bwana. Mapatano ya namna ile yalikomeshwa mwaka 1900, Hawaii ilipowekwa chini ya sheria za Marekani.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja: unaweza kuondoka kesho asubuhi? Kama jibu ni ndiyo, uko mgeni mwenye jembe. Kama jibu ni hapana, sababu karte yako imechukuliwa, au umeambiwa uko na deni la chakula, au hujui njia ya kurudi, basi hauko mgeni tena. Tunaandika hivi kwa maana kuna watu wanaopita mu kartye zetu wakiahidi vijana, zaidi wasichana, "kazi nzuri, chumba na chakula bure" mu miji ya mbali. Msichana au mvulana akisikia neno "bure", aulize mara tatu. Na karte yako usimpe mtu akuwekee.

Tena, mu inchi za wengine, kazi ya kulipa chumba inahesabiwa kazi kamili. Marekani, mgeni aliyeingia na viza ya kutembea anaweza kurudishwa akionekana anafanya kazi ili apate malazi, hata kama hakushika dola moja. Na ku Idjwi, Rwanda inaonekana ng'ambo ya maji, karibu sana. Usivuke na mtumbwi wa mvuvi kwenda "kutazama tu" bila karatasi.

VII. MAULIZO SABA MBELE YA KUSHIKA JEMBE

Tumeyapanga ili mwanafunzi ayaandike mu daftari lake. Muyaulize wazi, mbele ya shahidi, mzee wa kanisa au shefu.

1. Kazi ni gani, na ninaiweza? Usijifanye fundi.
2. Masaa mangapi kwa siku, na siku gani ni ya kupumzika?
3. Chakula ni cha nani? Kama ni cha mwenyeji, anacho cha kutosha bila kukopa?
4. Tutalala wapi, na wasichana watalala na nani?
5. Tunaondoka tarehe gani? Mgeni asiye na tarehe anamutesa mwenyeji.
6. Ni nani alikuwa anafanya kazi hii mbele yetu, na alikuwa analipwa? Kama alikuwa analipwa, tafuteni kazi ingine.
7. Feza ya kurudi na karatasi zetu ziko wapi? Jibu linapashwa kuwa: mikononi mwetu.

Ulizo la sita ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo hatukulisikia ku mtu yeyote mbele ya safari. Kila mtu anafundisha msafiri namna ya kulipa kidogo. Hakuna anayemuuliza: kile kidogo usicholipa, ni nani anakilipa pahali pako?

KUMALIZA

Hatuseme kwa mtu leo: simama uende. Mwezi wa kwanza 2025 vita ilifika Goma, na mwezi wa pili ikafika Bukavu. Njia tuliyopita mwaka 2024 inapashwa kuulizwa upya kila mara, na mwanafunzi asiondoke bila ruhusa ya wazazi na ya prefe. Lakini fundisho halihitaji boti. Wengi wetu tutalala mwaka huu kwa wajomba, kwa mashangazi, kwa marafiki, kwa sababu ya vita au ya masomo. Huko pia kuna unga unaohesabiwa kimya kimya mu jiko. Huko pia jembe linatungoja siku ya tatu.

Mwezi wa tisa 2024 Mama alitutumia neno kupitia mfanyabiashara wa maharagi: chumba cha pili kimefika ku madirisha. Matofali ya chini, upande wa jiko, ni yale yetu machache ambayo hayakupasuka. Alisema tukirudi tutalala mule, ila tulete unga wetu.

Mwenye kuwa na habari ya safari yake, au mwenye kupinga maneno yetu, aandike na kuweka karatasi mu sanduku la gazeti, karibu na mlango wa biblioteke.

Kamati ya gazeti